Duka la dawa muhimu la Mwanga, Kigoma: linavyomhudumia mama mjamzito

Duka ninaloliandikia lipo Mwanga, Kigoma Mjini, si mbali na soko, nami nimekuwa mteja wake tangu nilipopata ujauzito huu ninaoendelea nao. Sitalitaja jina, kwa kuwa mwenye duka hakuniomba tangazo na mimi siandiki tangazo. Ninachotaka kupima ni jambo moja tu: mwanamke mwenye mimba akifika pale dirishani akaomba dawa ya kichwa au ya kiuno bila cheti cha daktari, je, anaondoka na kitu kinachomfaa yeye na mtoto aliye tumboni, au anaondoka na kile tu alichokitaja? Kwa kipimo hicho, duka hili ni bora kuliko mengine yote niliyoyatumia hapa mjini. Lina kasoro zake, na moja kati ya hizo si ndogo, nitaifikia.

Kwanza niseme duka hili ni la aina gani, maana wengi hulichanganya na famasi. Maduka ya dawa muhimu, ambayo vibao vyake huandikwa DLDM, yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na baadaye yakaenea nchi nzima, yakichukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza zile zisizohitaji cheti tu, ingawa sote tunajua kwamba dawa moto nazo zilipatikana kwa kuuliza kwa sauti ya chini. DLDM linaruhusiwa kuuza dawa baridi pamoja na orodha fupi ya dawa moto, kwa sharti kwamba anayezitoa amepitia mafunzo na duka lina kibali cha Baraza la Famasi. Hapa Mwanga kibali kimetundikwa mahali kinaposomeka, na pembeni yake kipo cheti cha mtoa dawa chenye picha, hivyo mteja anaweza kuhakikisha mwenyewe kama aliyesimama mbele yake ndiye aliyesomea kazi hiyo. Mtoa dawa huyo ni mama wa makamo ambaye wateja humwita dokta, kama ilivyo desturi yetu kwa kila avaaye koti jeupe.

Juu ya kioo cha kaunta kimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito na kufunikwa na soletepu iliyokwisha kugeuka njano: «Una mimba? Unanyonyesha? Hedhi imechelewa? Gusa hapa kabla ya kutaja dawa.» Mteja akiweka kidole juu ya kikaratasi hicho, mama yule haulizi lolote kwa sauti, bali humwashiria asogee upande wa mlango wa kuingilia ndani, na mazungumzo hufanyika huko, mbali na foleni. Anauliza mimba ina miezi mingapi au hedhi ya mwisho ilikuwa lini, kadi ya kliniki ipo wapi, kuna presha, pumu au vidonda vya tumbo, na ni dawa gani nyingine zinazotumika, zikiwemo za kienyeji. Hilo la za kienyeji huliuliza bila kukunja uso, na ndiyo sababu anajibiwa ukweli.

Sijaona utaratibu wa namna hiyo kwingine, na nauona una thamani kuliko rafu zilizojaa. Viungo vya mtoto huumbika zaidi kati ya wiki ya tatu na ya nane tangu mimba kutungwa, yaani katika kipindi ambacho mwanamke ama hajajua kwamba ana mimba, ama amejua na bado anaificha, kwa kuwa kwetu mimba changa haitangazwi. Muuza dawa anayengoja kuona tumbo ndipo aulize maswali amechelewa mno. Dawa iitwayo thalidomaidi, iliyoingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, inakadiriwa kuwa iliwaacha watoto zaidi ya 10,000 duniani wakiwa na ulemavu, wengi wao wa mikono na miguu. Nayo ilikuwa ikiuzwa huko bila cheti, kama dawa ya usingizi, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Wanaodhani kwamba dawa ikiwa baridi basi haina neno wangefaa kuikumbuka habari hiyo.

Sasa nije kwenye dawa za maumivu, ambazo ndizo zilizonisukuma kuandika. Siku moja mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, mimba yake ikionekana wazi, aliomba «diklo» kwa ajili ya kiuno, kama mtu aombavyo kibiriti. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: «Hiyo sikuuzii, mama. Kuanzia mwezi wa tano inampunguzia mtoto maji.» Maneno hayo ni sahihi. Mimba inapofika wiki ya 20 hivi, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto hutokana na mkojo wake mwenyewe, na dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na naproksini zinaweza kuzidhoofisha figo zake, maji yakapungua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwezi Oktoba 2020, ikishauri dawa hizo ziepukwe kuanzia wiki ya 20 isipokuwa kwa maelekezo ya daktari. Onyo la zamani zaidi linahusu wiki ya 30 na kuendelea, kwa sababu wakati huo dawa hizohizo zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao unapaswa kubaki wazi hadi azaliwe. Aspirini ya dozi kubwa imo katika jamii hiyo. Aspirini ndogo ambayo daktari humwandikia mama aliye katika hatari ya kupata kifafa cha mimba ni suala jingine kabisa, na aliyeandikiwa asiiache kwa kusoma maneno yangu.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba mtoa dawa hakuishia kwenye jina moja. Alimwonyesha yule mama kwamba vipo vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, ambavyo mtu anaweza kupewa na jirani akidhani ni parasetamoli tupu, na kwamba dawa ya kuchua yenye diklofenaki nayo hupenya kwenye ngozi na kuingia katika damu. Akamweleza pia kuhusu vidonge vya mafua, ambavyo vingi vina parasetamoli ndani yake pamoja na kitu cha kufungua pua kinachoweza kupandisha presha, kiasi kwamba anayemeza vya mafua na vya kichwa kwa pamoja hujizidishia dozi bila kujua. Yule mama aliondoka na parasetamoli za miligramu 500: kidonge kimoja au viwili, asubiri saa sita kabla ya kurudia, visizidi vinane kwa saa 24, na kama siku tatu zitapita bila nafuu aende kituo cha afya. Nilipenda kwamba aliambiwa aanze na kimoja.

Parasetamoli yenyewe ilileta mtafaruku mjini mwishoni mwa mwaka 2025. Mwezi Septemba mwaka huo viongozi wa Marekani walitangaza kwamba wajawazito waiepuke kwa hofu ya usonji, na ndani ya siku chache ujumbe ulikuwa umezunguka katika makundi ya simu hadi Ujiji, kila mtu akiuongezea chumvi. Shirika la Afya Duniani lilijibu mwezi huohuo kwamba hakuna ushahidi thabiti unaothibitisha uhusiano huo. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia watoto zaidi ya milioni 2.4 na kuwalinganisha ndugu wa mama mmoja, haukuona kwamba dawa hiyo inaongeza hatari. Nilimuuliza mtoa dawa wetu anasemaje. Hakuibeza hofu yangu wala hakuikuza. Alisema homa kali ikiachwa bila kushushwa nayo humdhuru mtoto, kwa hiyo dawa inywewe inapohitajika, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, isigeuzwe ya kila jioni. Wataalamu wenyewe hawasemi tofauti na hivyo.

Lakini jambo lililonifanya niheshimu duka hili ni dawa ambayo hawakuiuza kabisa. Wifi yangu, akiwa na mimba ya miezi minane, alikwenda kununua dawa ya kichwa kilichomuuma tangu jana yake. Mtoa dawa alimtazama miguu, akamtazama uso, akamwomba ajaribu kuvua pete. Haikutoka. Akamuuliza kama anaona vimulimuli machoni au anasikia maumivu chini ya mbavu za kulia, wifi akakiri vimulimuli. «Nikikupa ya kutuliza utalala, na ukilala hatutajua presha yako imefika wapi. Panda bodaboda sasa hivi, nenda Maweni wakakupime.» Hospitali presha yake ilikutwa juu na mkojo una protini, akalazwa. Kichwa kinachouma mfululizo baada ya wiki ya 20, hasa kikiandamana na kuvimba uso na mikono au macho kuona ukungu, kinaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba, na kidonge cha maumivu hufunika dalili huku ugonjwa ukiendelea. Duka limekosa pale mauzo ya shilingi mia kadhaa.

Kuhusu malaria, ambayo katika mkoa wetu ni kama mwenyeji, msimamo wa duka ni kwamba mjamzito mwenye homa hauziwi dawa ya mseto kabla hajapimwa. Wapo wateja wanaokasirika, maana wametoka mbali na wanaijua malaria yao. Mimi naunga mkono, kwa sababu homa ya mjamzito inaweza kutokana na njia ya mkojo au na maambukizi mengine, na mseto hautayatibu. Hata hivyo, nisingependa msimamo huo ueleweke kwamba mseto ni sumu kwa mwenye mimba. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza dawa ya artemeta na lumefantrini kwa malaria isiyo kali hata katika miezi mitatu ya kwanza, ambako zamani ilipendekezwa kwinini pamoja na klindamaisini. Mama aliyepimwa akakutwa na vimelea asiogope kumeza alichoandikiwa, kwani malaria yenyewe ndiyo inayomaliza damu na kuharibu mimba.

SP ni habari nyingine, na hapa ndipo palipo na ujuzi ambao sikuutarajia katika duka la kawaida. Zile tembe tatu za kukinga malaria hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, kwa kuachana angalau mwezi mmoja, na humezwa palepale mbele ya muuguzi. Hazinunuliwi dukani kwa ajili ya kujikinga, na mama anayetumia kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapaswi kuongezewa SP juu yake. Nilipoomba foliki asidi, kwa kuwa za kliniki zilikuwa zimeniishia, mama yule alichukua kopo, akaligeuza upande wenye maandishi na kunionyesha kwa ncha ya kalamu: miligramu 5. Kiasi kinachopendekezwa kwa mjamzito wa kawaida ni miligramu 0.4 kwa siku pamoja na madini ya chuma, na foliki asidi ya miligramu 5 ikimezwa kila siku hupunguza nguvu ya SP dhidi ya vimelea. Wapo wanaohitaji dozi hiyo kubwa, kwa mfano aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, lakini hao huandikiwa na daktari. Akanirudisha kliniki nikachukue vile vyenye mchanganyiko, akanikumbusha nisivimeze pamoja na chai ya rangi. Wanawake wangapi wa mji huu wanameza vile vya miligramu 5 wakijua wanajiongezea damu, sijui. Ila kopo lile halikai rafuni muda mrefu.

Shida nyingine ndogondogo za mimba zinahudumiwa vizuri na sina mengi ya kusema. Kwa kiungulia kuna vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, na unaambiwa uvitenganishe na vya chuma kwa saa mbili. Magadi ya kulamba hayapendekezwi kwa sababu ya chumvi iliyomo. Kwa kichefuchefu wanashauri chakula kidogo kidogo, tangawizi na vitamini B6, na anayetapika hadi maji hayakai tumboni anaelekezwa hospitali. Choo kikiwa kigumu, unaulizwa kwanza unakunywa maji kiasi gani. Mafuta ya nyonyo hawampi mjamzito, kwa kuwa yanaweza kuamsha uchungu.

Fangasi na mkojo vinahitaji maneno zaidi kidogo, maana ndiko wanawake wanakojitibu kwa aibu. Kwa muwasho wa ukeni duka linatoa vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, si flukonazoli za kumeza, na wanashauri mjamzito aviweke kwa kidole kisafi badala ya kile kifaa cha plastiki. Kwa «UTI», ambayo siku hizi kila mtu anayo, hawamuuzii mjamzito antibayotiki bila kipimo cha mkojo na cheti. Doksisaiklini, ambayo mitaani huitwa doksi, inaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto na kugusa ukuaji wa mifupa yake, na siprofloksasini nayo si ya kujichagulia. Wakati huohuo, maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati, hivyo kumrudisha mama nyumbani mikono mitupu haitoshi. Hapa naona duka lina pengo. Wanasema «nenda ukapime», lakini hawaandiki kikaratasi chochote cha kumpeleka mgonjwa kituoni. Mstari mmoja tu unaoeleza dalili alizozisema na dawa alizokwisha kumeza ungempunguzia maswali na ungemfanya asiishie njiani, kwenye duka la pili lisilouliza.

Kasoro kubwa niliyoitaja mwanzoni ni ya jioni. Baada ya magharibi mama yule huondoka, na dirishani hukaa kijana wa kiume ambaye picha yake haipo ukutani. Niliwahi kutuma mtoto wa jirani kuninunulia parasetamoli saa za usiku, akarudi na ibuprofeni, kwa maelezo kwamba parasetamoli zilikuwa zimeisha na «hii kazi yake ni ileile». Kwa mtu asiye na mimba huenda ni kweli. Kikaratasi cha kwenye kioo kipo usiku na mchana, lakini hakina maana yoyote ikiwa anayekisimamia hajui afanye nini kidole kikiwekwa. Mwenye duka anajua sheria inamtaka nani atoe dawa. Ama amlipe mama yule zamu ya jioni, ama amsomeshe kijana, ama afunge mapema.

Kasoro nyingine ni ya mkasi. Dawa huuzwa kwa vipande, na vidonge vinne vikikatwa kutoka kwenye ukanda, mara nyingi jina la dawa na tarehe ya kuisha muda wake hubaki kwenye kipande kilichorudi rafuni. Kibahasha cha karatasi unachopewa kimeandikwa «1x3» na basi. Ukifika nyumbani ukakuta vibahasha viwili mezani huwezi kujua kipi ni kipi, na ukienda hospitali ukaulizwa umemeza nini utabaki kueleza rangi ya kidonge. Nimekuwa nikiomba jina liandikwe, na kila ninapoomba linaandikwa bila kinyongo. Ingekuwa vyema liandikwe bila kuombwa, pamoja na tarehe. Vikaratasi vya maelezo vinavyokuja ndani ya maboksi ni vya Kiingereza, jambo ambalo si kosa la duka.

Nimalizie na wateja wa ziwani, ambao ni wengi hapa kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Wanawake wa Mwamgongo, Kagunga na vijiji vingine vya mwambao hushukia Kibirizi kwa maboti, hupanda Mwanga kufanya manunuzi, na wengi hutaka dawa za kuweka akiba kwa sababu safari si ya kila siku. Mama yule huwauzia parasetamoli, chumvichumvi za kuharisha na vidonge vya kiungulia kwa idadi ya kutosha, huwaandikia majina kwenye kibahasha kwa herufi kubwa (kwao hufanya hivyo bila kuombwa, sijui kwa nini sisi wa mjini tunaachwa), na hukataa kuwawekea akiba ya antibayotiki au mseto hata wakisihi. Nimemsikia akimwambia mmoja wao kwamba mtoto akiacha kucheza, au damu ikitoka, au maji yakipasuka, asitafute kwenye akiba yake, apande boti la kwanza linaloondoka.

Anayekusudia kwenda aende asubuhi au mchana, mama akiwepo. Achukue kadi ya kliniki, na kama anatumia dawa nyingine yoyote abebe kopo au ukanda wake wenyewe kuliko kutegemea kukumbuka jina. Bei ni za kawaida kwa maduka ya Mwanga, na malipo kwa simu yanapokelewa.